Njia ya Kufika Kwenye Mwamba: Wanawake katika Historia ya Jiolojia

Mwaka 1642, kwa amri ya Kadinali Richelieu, mwanamke wa Kifaransa aliyeitwa Martine de Bertereau alitiwa gerezani katika ngome ya Vincennes, nje kidogo ya Paris, yeye na binti yake. Mumewe, Jean de Chastelet, alifungwa mbali nao, katika Bastille. Washitaki walisema ni wachawi. Kazi yao ilikuwa kutafuta madini. Kwa miaka mingi walikuwa wamezunguka Ufaransa na machimbo ya nchi nyingine za Ulaya kwa gharama yao wenyewe, na mwaka 1640 Martine alichapisha kitabu akimweleza Richelieu ni wapi katika ufalme pana madini na faida gani ingepatikana kwa kuyachimba. Alipima mawe kwa ujuzi wa siku zile, akatumia pia vijiti vya kuagulia kama walivyofanya watafuta madini wengi wanaume wa zama zake. Hakutoka gerezani akiwa hai.

Martine hakufungwa kwa kuusoma mwamba vibaya. Alifungwa kwa sababu mwanamke aliyeuendea mwamba mwenyewe, akausoma, kisha akataka jina lake libaki kwenye alichokiona, alikuwa kiumbe asiyeeleweka kwa watawala wake. Na jiolojia haimruhusu mtu kubaki nyumbani. Mwanahisabati aweza kufanya kazi yake usiku mezani watoto wakiwa wamelala. Mjiolojia hana budi afike korongoni, ufukweni, mgodini, au apande meli. Ndiyo maana naisoma historia ya wanawake katika elimu hii kama historia ya njia: nani aliachiwa kupita, na nani aliambiwa asubiri mawe yaletwe.

Kusoma ardhi kwenyewe wanawake walikuwa wakikufanya muda mrefu kabla chuo chochote hakijatoa shahada ya jiolojia. Kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu vinavyouzwa Matema na kusafiri hadi Kyela na Mbeya. Mfinyanzi anajua udongo upi utapasuka motoni na upi utavumilia, upi unanata kupita kiasi na unahitaji kuchanganywa na mwingine, upi ukichotwa baada ya mvua haufai mpaka ukae. Mambo hayo, ukubwa wa chembe, unyevu, namna udongo unavyosinyaa ukikauka, mwanafunzi wa chuo kikuu huyasoma darasani na kuyafanyia mtihani. Huku ziwani msichana huyapata kwa mama yake, mkono kwa mkono. Wajaluo wa Nyanza wana wafinyanzi wao wanawake vilevile. Lakini wapimaji wa kikoloni walipokuja na ramani zao, waliyaandika majina ya mito na vilima, na maarifa hayo yakahesabiwa kuwa kazi za nyumbani.

Huko Uingereza jiolojia ilipata kikao chake rasmi mwaka 1807, wanaume wachache walipokutana kwa chakula London na kuunda Jumuiya ya Jiolojia. Aliyekuwa ufukweni na nyundo mkononi miaka michache baadaye alikuwa msichana maskini. Mary Anning alizaliwa mwaka 1799 Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, mji ambao majabali yake huporomoka baharini kila majira ya baridi na kufichua mifupa iliyogeuka mawe. Baba yake, seremala, alifariki mwaka 1810 akaacha deni. Familia ikaishi kwa kuokota visukuku na kuwauzia wageni waliokuja kupunga hewa. Mwaka 1811 kaka yake Joseph aliona fuvu kubwa jabalini. Mary, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, akafukua mwili uliobaki. Alikuwa ikthiosauri, mtambaazi wa baharini aliyetoweka zamani za kale, na alitua mikononi mwa mabingwa wakati ambapo wengi wao walikuwa hawajakubali kwamba aina nzima ya viumbe inaweza kwisha duniani.

Mwaka 1823 akatoa plesiosauri mzima. Shingo ya mnyama yule ilikuwa ndefu kiasi kwamba Georges Cuvier, bingwa wa Paris, alishuku mifupa imeunganishwa kwa hila. Jumuiya ikaitisha kikao London. Mary hakualikwa, na aliyeiwasilisha mifupa hakulitaja jina lake. Cuvier baadaye alikiri kwamba mnyama ni wa kweli. Mwaka 1828 Mary akapata pterosauri, mtambaazi mwenye mabawa. Mwaka 1833 poromoko la jabali lilimuua mbwa wake, Tray, hatua chache tu kutoka alipokuwa amesimama, naye hata hivyo ilimbidi arudi palepale, maana dhoruba ndiyo iliyofukua na bahari ndiyo ingebeba.

Wapo wanaomsimulia Mary kama mwokotaji aliyebahatika. Sikubaliani nao hata kidogo. Alinakili kwa mkono makala za kisayansi ambazo asingemudu kuzinunua, akaiga hadi michoro. Alipasua samaki na ngisi ili aelewe viungo vya viumbe alivyovikuta vimekuwa mawe. Alitambua kwamba vijiwe vya mviringo vilivyopatikana tumboni mwa ikthiosauri vilikuwa mavi yaliyogeuka jiwe, na wazo hilo likamfikisha mbali mwanajiolojia William Buckland. Alipofariki mwaka 1847 kwa saratani ya matiti, rafiki yake Henry De la Beche, aliyekuwa rais wa Jumuiya, alimsomea tanzia mbele ya wanachama, na mwaka 1850 wakachanga kuweka dirisha la vioo vya rangi kanisani Lyme kwa kumbukumbu yake. Kiti ndani ya ukumbi hakikutolewa kwa mwanamke yeyote hadi mwaka 1919.

Wanawake wenye mali walikuwa na njia nyingine, nayo ilipita kwenye ndoa. Roderick Murchison alikuwa afisa mstaafu wa jeshi mwenye kupenda kuwinda mbweha. Mkewe Charlotte ndiye aliyemvuta kwenye miamba, akasafiri naye, akachora mandhari na kukusanya visukuku. Mjiolojia Charles Lyell alipoanza mihadhara King's College London mwaka 1832, Charlotte alishikilia kwamba wanawake wanapaswa kuingia, na waliingia kwa wingi. Baraza la chuo likawapiga marufuku, wasikilizaji wakapungua sana, na Lyell mwenyewe akaacha kazi pale muda mfupi baadaye. Etheldred Benett wa Wiltshire, ambaye hakuolewa na aliyetumia fedha zake kukusanya visukuku vya wilaya yake, alipata heshima kutoka Urusi: Moscow ilimpa cheti cha uanachama mwaka 1836 kikimwita Bwana, kwa kuwa jina lake halikuwajulisha kwamba ni mwanamke. Kazi yake ilikuwa imesomwa na kupimwa bila mtu kumwona, ikapita.

Vyuo vilipoanza kufunguka mwishoni mwa karne ya 19, mambo yalikwenda kwa hatua za ajabu. Catherine Raisin alipewa tuzo ya fedha ya Jumuiya ya London mwaka 1893, lakini mwanamume ndiye aliyekwenda kumpokelea kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kikaoni. Gertrude Elles alipotunukiwa mwaka 1900 yakawa yaleyale. Maria Ogilvie, Mskochi, alipanda na kushuka milima ya Dolomites akichora matabaka yaliyokunjwa na kupinduliwa, na mwaka 1893 akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa sayansi ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1900 akaongeza udaktari wa München, nako pia wa kwanza. Elles na mwenzake Ethel Wood walitumia miaka 1901 hadi 1918 kuchapisha kazi kubwa juu ya graptolaiti, visukuku vidogo kama misumeno myembamba vinavyowawezesha wanajiolojia kupanga umri wa miamba ya kale. Kazi hiyo iliendelea kutumika kwa miongo mingi. Wanawake wanane wa kwanza wakakubaliwa kuwa wanachama mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha na vijana wengi wa kiume wamelala makaburini. Rais wa kwanza mwanamke, Janet Watson, alikuja mwaka 1982, miaka 175 tangu chakula kile cha jioni.

Marekani nayo ilikuwa na pazia lake. Florence Bascom aliposoma Johns Hopkins, Baltimore, aliketishwa nyuma ya kiambaza kwenye kona ya darasa ili asiwashughulishe wanafunzi wa kiume. Alipata udaktari mwaka 1893 kwa tasnifu iliyoonyesha kwamba miamba ya South Mountain iliyodhaniwa kuwa mashapo ilikuwa kwa kweli lava ya kale iliyobadilika kwa joto na mgandamizo. Mwaka 1896 akawa mwanamke wa kwanza kuajiriwa kama mjiolojia na Idara ya Jiolojia ya Marekani. Lakini la maana zaidi, kwa maoni yangu, alilifanya Bryn Mawr, chuo cha wanawake karibu na Philadelphia. Alipoanza kufundisha huko mwaka 1895 jiolojia ilikuwa haina hata idara. Akakusanya mawe, akapata hadubini, akawachukua wasichana kwenda milimani. Julia Gardner, Eleanora Bliss Knopf, Anna Jonas Stose na Ida Ogilvie walipita mikononi mwake, na kwa muda mrefu ukimtaja mwanamke mjiolojia nchini Marekani huenda ukawa unamtaja mwanafunzi wa Bascom au mwanafunzi wa mwanafunzi wake. Mtu aliyesoma nyuma ya kiambaza alihakikisha wasichana wake wanasomea nje, juani.

Hata kabla vyuo havijaanza kufunguka, migodi ilikuwa imeanza kufungwa kwa sheria. Mwaka 1842 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku wanawake, wasichana na wavulana wa chini ya miaka kumi kufanya kazi chini ya ardhi kwenye machimbo ya makaa. Kazi ile ilikuwa mateso. Wanawake walikuwa wakivuta magari ya makaa kwa minyororo kiunoni, wakitambaa gizani. Hakuna mwenye moyo atakayetamani irudi. Lakini sheria haikugusa minyororo ya wanaume, na wanawake walipotolewa shimoni hawakupewa mshahara mwingine. Wabunge walishtushwa pia na habari za wanawake kufanya kazi nusu uchi pamoja na wanaume, na sidhani ni rahisi kupima ni kiasi gani cha sheria ile kilikuwa huruma na kiasi gani kilikuwa haya.

Mwaka 1935 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 45, uliokataza mwanamke wa umri wowote kufanya kazi chini ya ardhi mgodini. Nchi ziliruhusiwa, zikipenda, kuwatoa kwenye marufuku hiyo mameneja wasiofanya kazi za mikono, wahudumu wa afya, wanafunzi walio mafunzoni na wanaoshuka mara chache kwa kazi isiyo ya mikono. Uingereza iliukubali, ukaingia katika sheria za kazi za makoloni, na baada ya uhuru Tanganyika, Uganda na Kenya zikauridhia. Matokeo yake yalikuwa mapana kuliko maandishi yake. Mwenye mgodi hakuhitaji kusoma vipengele vya nafuu. Alijua tu kwamba mwanamke na shimo ni kesi. Mjiolojia wa mgodini ambaye hawezi kushuka kila zamu kuutazama uso wa mwamba uliolipuliwa hawezi kupanda cheo, kwa kuwa uzoefu wa chini ya ardhi ndio unaomfanya mtu awe meneja. Afrika Kusini ilijitoa mwaka 1996. Mkataba wenyewe ulifutwa rasmi Geneva mwezi Juni 2024.

Waliozuiwa kufika walilazimika kuifanya jiolojia kwa vipimo vilivyoletwa na wengine, na hapa historia inashangaza, kwa kuwa mambo mawili makubwa kabisa ya karne ya 20 kuhusu umbo la dunia yalionekana mezani kwa wanawake. Inge Lehmann wa Denmark alikuwa amesoma shule ya Copenhagen iliyoongozwa na Hanna Adler, ambako wavulana na wasichana walifundishwa masomo yaleyale, kushona na mpira pamoja. Akitumia kumbukumbu za mawimbi ya matetemeko, hasa la New Zealand la mwaka 1929, aliona mitikisiko ikifika mahali ambapo kwa mujibu wa nadharia haikupasa kufika. Mwaka 1936 akapendekeza kwamba ndani ya kiini cha dunia mna kiini kingine. Alikuwa sahihi. Aliishi hadi mwaka 1993, akifikisha miaka 104.

Marie Tharp alikuwa binti wa mpimaji udongo wa serikali ya Marekani, akakua akihama na baba yake kutoka shamba hadi shamba. Chuo Kikuu cha Michigan kilimpokea kusomea jiolojia wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa sababu wavulana walikuwa vitani na kampuni za mafuta zilihitaji watu. Kampuni iliyomwajiri Tulsa haikuwatuma wanawake porini. Aliwekwa ofisini kupanga takwimu na ramani za wanaume. Mwaka 1948 akaingia Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kisha kituo chake cha Lamont, akafanya kazi na Bruce Heezen. Heezen alikwenda baharini. Tharp hakuruhusiwa melini, kwa hiyo alibaki na karatasi ndefu za vipimo vya kina cha bahari, akizigeuza kuwa sura ya sakafu ya Atlantiki, mstari kwa mstari.

Mwaka 1952, akilinganisha mikato sita iliyovuka bahari, aliona juu ya safu ya milima ya katikati ya Atlantiki bonde lenye kingo za mwinuko, likijirudia mahali palepale katika kila mkato. Bonde la namna hiyo lilimaanisha kwamba sakafu ya bahari inapasuka na kuachana, wazo ambalo wanasayansi wengi wa Marekani wakati ule walilidharau. Heezen alilipuuza akisema ni maneno ya wasichana. Kwenye meza ya jirani, Howard Foster alikuwa akichora vitovu vya matetemeko ya bahari kwa kipimo kilekile cha ramani. Walipoziweka ramani mbili juu ya meza yenye taa chini yake, madoa ya matetemeko yaliangukia ndani ya bonde la Tharp. Kilichosaidia kukata shauri kilikuwa chetu. Umbo lile lilifanana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, ambalo nalo lina mstari wake wa matetemeko, na safu ya milima ya Bahari ya Hindi ilipofuatwa iliingia Ghuba ya Aden na kuelekea kuungana na ufa wetu. Anayesimama ukingoni mwa bonde hilo Limuru au Manyara anatazama nchi kavu ikifanya kile ambacho Tharp alikiona chini ya maji.

Jina lake halikuwekwa kwenye makala nyingi muhimu za miaka ile. Alipanda meli ya utafiti kwa mara ya kwanza katika miaka ya sitini, akiwa amekwisha kuchora bahari ambayo hakuwa amewahi kuipima. Ramani ya sakafu ya bahari zote za dunia, aliyoifanya na Heezen, ilitoka mwaka 1977.

Urusi ya Kisovieti iliwatuma wanawake porini kwa wingi, na hilo lastahili sifa. Lakini hata huko kugundua na kutambuliwa vilikwenda njia mbili. Natalia Sarsadskikh alibuni mbinu ya kufuata vijiwe vyekundu vya piropi mitoni hadi kwenye chanzo cha almasi. Mwaka 1954 alikuwa amejifungua, akamtuma Larisa Popugayeva, ambaye mwezi Agosti mwaka huo alifika kwenye bomba la kimbalaiti la kwanza kugunduliwa Siberia, aina ileile ya mwamba unaochimbwa almasi Mwadui, Shinyanga. Tuzo ya Lenin ya mwaka 1957 kwa ugunduzi wa almasi za Yakutia ilikwenda kwa watu wengine. Wanawake hao wawili hawakuwemo. Antaktika, kwa upande wake, ilikuwa imefungwa kwa wanasayansi wanawake wa Marekani kwa sababu jeshi la majini lililosafirisha wanasayansi lilikataa kuwabeba. Lois Jones, mtaalamu wa kemia ya miamba wa Chuo Kikuu cha Ohio State, alikwenda na kikosi cha wanawake watupu mwaka 1969 kusoma namna miamba inavyomomonyoka katika mabonde makavu ya barafuni. Walibeba mizigo yao, wakavunja mawe yao, wakarudi na sampuli.

Afrika Mashariki miamba yetu ilisomwa mapema na wanawake wageni. Mary Leakey, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alitembea Olduvai mwezi Julai 1959 na kuona taya la zamadamu Zinjanthropus likichungulia ardhini. Kwenye miaka ya sabini kikosi chake kikafukua nyayo za Laetoli, zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.66 iliyopita. Kay Behrensmeyer, mwanafunzi wa jiolojia kutoka Marekani, mwaka 1969 alikuta zana za mawe zikitoka kwenye tabaka la majivu Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Tabaka hilo lilipewa herufi za jina lake, na ugomvi juu ya umri wake ukawaliza wataalamu kwa miaka kumi. Nawaheshimu. Lakini vikosi vya wafukuaji wa Kikenya vilivyojipatia sifa, kama kile cha Kamoya Kimeu, vilikuwa vya wanaume. Njia ya mwanamke kufika kwenye miamba hii ilifunguliwa kwanza kwa waliotoka mbali.

Idara ya Upimaji wa Jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925, ikaweka makao Dodoma, na kwa miongo mingi mpimaji alikuwa Mzungu mwanamume na Mwafrika alikuwa mbeba sampuli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha jiolojia katika miaka ya sabini, mlango huo ulikuwa mpya kwa Watanzania wote, wanaume kwa wanawake, na hapo ndipo ningetamani tungeanza sawa. Hatukuanza sawa, kwa sababu mlango wa chuo unafika baadaye sana maishani. Jiolojia inataka fizikia, kemia, hisabati, jiografia. Msichana wa sekondari mwenye alama nzuri za sayansi hushauriwa achukue tahasusi itakayompeleka kwenye udaktari au uuguzi, na mshauri wake humaanisha mema: hospitali iko mjini, ina choo, ina ukuta. Mjiolojia analala hemani. Na hadi Novemba 2021 msichana wa shule ya serikali Tanzania aliyepata ujauzito hakurudi darasani kabisa, ajue fizikia kiasi gani.

Waliopita walifanya kazi kubwa. Evelyne Mbede alichapisha mwaka 1991 tathmini ya mabonde ya mashapo ya Tanzania, kisha, huko Berlin, akaandika juu ya namna bonde la Rukwa lilivyojengeka. Robo karne baadaye Rukwa ilivuma duniani: mwaka 2016 Diveena Danabalan, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Durham, na wenzake wa Oxford walitangaza akiba kubwa ya gesi ya heliamu huko, wakieleza kwamba joto la volkano za ufa liliitoa gesi hiyo kwenye miamba ya kale iliyokuwa imeihifadhi. Cynthia Ebinger wa Marekani amefuatilia kwa miaka mingi jinsi Afrika inavyopasuka, kuanzia Afar hadi Natron. Estella Atekwana, mzaliwa wa Kamerun, amechunguza ufa huohuo unavyochipuka Okavango na Malawi. Ukisoma leo juu ya Bonde la Ufa, huwezi kuepuka majina ya wanawake.

Ila asilimia kubwa ya wanawake wanaoshika mwamba kila siku katika nchi zetu hawajaandika makala yoyote. Wanaponda kokoto Kunduchi, watoto pembeni, mawe yakipimwa kwa ndoo. Wanaosha mchanga wa dhahabu kwenye mialo ya Geita na Chunya, wanachekecha kifusi Mirerani, wanaosha mawe ya kobalti Kolwezi, Kiswahili kikiwa ndicho lugha ya kazi. Kwenye duara lenyewe, yaani shimo la kuchimbia, mara nyingi hawafiki, kwa sababu machimboni, kuanzia Tanzania hadi Kongo, kuna imani kwamba mwanamke, hasa akiwa hedhini, huyafukuza madini. Imani hii inafanya kazi ileile iliyofanywa na Mkataba Na. 45, na haihitaji bunge kuipitisha. Anayebaki juu huuziwa marudio, yaani kile ambacho wenye shimo wamekwisha kukamua. Chama cha wanawake wachimbaji Tanzania, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997 kupigania wanawake wamiliki leseni kwa majina yao. Leseni ndiyo kila kitu hapa. Mwenye leseni anaamua nani ashuke, na huwezi kumfukuza mwenye duara kwenye duara lake.

Na waliosoma je? Mwaka 2016 Kuheli Dutt na wenzake, wakifanya kazi Lamont, palepale alipokaa Tharp na karatasi zake, walichambua barua 1,224 za kuwapendekeza wanajiolojia vijana kwa kazi za utafiti, kutoka nchi 54. Uwezekano wa mwanamke kupata barua ya sifa kuu ulikuwa karibu nusu ya ule wa mwanamume, na haikujalisha kama mwandishi wa barua alikuwa mwanamke au mwanamume. Miaka miwili kabla, utafiti ulioongozwa na Kathryn Clancy uliwauliza watu 666 wa sayansi mbalimbali waliofanya kazi porini. Asilimia 64 walisema wamewahi kusumbuliwa kingono huko. Porini hakuna ofisi ya malalamiko. Gari ni la msimamizi, chakula kiko kwa msimamizi, na alama za kozi anazitoa msimamizi.

Ndiyo maana nikiulizwa leo ni nini kifanyike, sianzi na kampeni za kuwahamasisha wasichana. Wasichana wamehamasika tangu enzi za Mary Anning. Naanza na bajeti ya kambi: hema la pili, choo cha muda, maji ya kuoga, sanduku la huduma lenye pedi, namba ya simu ya mtu asiye chini ya kiongozi wa safari. Naendelea na mgawo wa kazi. Kwenye kundi la wanafunzi watano wanaochora ramani ya jiolojia, msichana hukabidhiwa daftari kwa kuwa ana mwandiko mzuri, wavulana wanashika dira na nyundo, na jioni wao ndio wamejifunza kupima mwinamo wa tabaka. Dira izunguke. Kila mwanafunzi apime, apasue, achukue sampuli na kuitia jina lake kwa mkono wake, na mwalimu akague hilo kila jioni kabla ya chakula.